Bomba limeishia kilomita mbili kutoka kiwanjani: usubiri, mchangishane, mchimbe au uite boza la maji?

Kiwanja changu kiko upande wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Mtaa wenyewe siutaji, maana majirani wanasoma. Tuko viwanja 64 vilivyopimwa. Nyumba zilizoezekwa ni tano, zinazokaliwa ni tatu, na kwingine kote ni mikorosho, vichaka na bikoni za mipaka. Bomba la mwisho limeishia kwenye kona ya barabara kubwa, kilomita mbili kamili kwa kipimo cha pikipiki.

Kila Jumapili usiku kundi letu la WhatsApp linawaka moto. Mmoja anasema tuandike barua nyingine. Wa pili anasema barua zimetosha, tuchangishane tuvute bomba wenyewe. Wa tatu anachimba kisima chake na hataki kushirikishwa. Juzi mama mmoja, kati ya wale watatu wanaoishi huko kweli, akatuma sauti ya sekunde tano: "Jamani, nyie mnabishana mkiwa Sinza. Mimi leo nimepika, nimefua na nimeoga kwa madumu matatu."

Kundi lilinyamaza hadi asubuhi. Nikaona nikae chini nizipime njia zote nne, maana naamini wenye viwanja Msongola, Mabwepande, Kisarawe II na Somangila wana ubishi huuhuu.

Kwanza, tuko ndani au nje ya mpaka?

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza muda. Mamlaka yetu ya maji, DAWASA, inahudumia mkoa wote wa Dar es Salaam na sehemu za Pwani zikiwemo Kibaha na Bagamoyo. Kwa hiyo kwenye karatasi Chanika imo, na mikorosho yetu imo. Huhitaji kumwomba mtu akuingize kwenye eneo la huduma. Ukiandika barua ya kuomba "kuingizwa", unaomba kitu ulicho nacho tayari, na majibu utakayopata yatakuwa ya heshima na hayatakuwa na maji.

Unachokosa ni bomba, na bomba ni suala la bajeti na foleni. Barua yenye nguvu inasema: viwanja vilivyopimwa ni 64, nyumba zinazokaliwa ni tatu, zinazojengwa ni kadhaa, ramani ya mipango miji hii hapa, na bomba lenu la mwisho liko pale. Iambatane na muhuri wa serikali ya mtaa. Barua ya namna hiyo mhandisi anaweza kuifanyia hesabu.

Kusubiri

Kusubiri hakutozwi kitu, na ndiyo maana kuna wafuasi wengi. Lakini jiweke kwenye kiti cha mpangaji wa mtandao. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Hao milioni moja walioongezeka wengi hawakwenda Upanga. Wako pembezoni, kwenye mitaa ambayo nyumba zimegusana na bado wananunua maji kwa dumu. Ukiwa na kilomita mbili za bomba mkononi, utazipeleka kwa kaya mia tatu zinazosubiri au kwa nyumba tatu na mikorosho? Mimi ningetuacha sisi, na ningelala usingizi mzuri.

Kuna upande wa fedha pia. Bei ya maji inapitishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na inalipwa na wateja walioko kwenye mtandao. Bomba refu linaloishia kwenye viwanja vitupu linabebwa na bili za watu wa Tabata na Mbagala hadi siku sisi tutakapohamia. Wenzetu wengi wamenunua viwanja ili vipande bei, hawana mpango wa kuhamia leo wala kesho. Kusema kweli, anayefaidi kwanza bomba likifika mahali kama kwetu ni dalali.

Lakini kusubiri kuna gharama isiyoandikwa. Watu wa umri wangu wanakumbuka mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002: Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Toangoma, Buyuni. Viwanja vilipimwa vizuri, barabara zikachongwa, hati zikatoka. Maji na umeme vikaja baadaye, kwa vipande, na kila aliyewahi kujenga akajitafutia lake. Eneo likishajaa visima binafsi na simtanki juu ya minara, ile hamu ya kulipia bomba inapungua. Nyumba zinakuwepo, wateja hawapo. Na pale ambapo hakuna aliyetunza hifadhi ya barabara, bomba linapofika linakuta ukuta wa mtu, kibanda cha chipsi na karo la maji taka.

Ukichagua kusubiri, basi subiri ukiwa unalinda njia ya bomba.

Kuchangishana

Hii ndiyo nitakayoikalia zaidi, kwa sababu ndiyo inayoleta furaha kubwa na ugomvi mkubwa.

Wazo ni rahisi: wenye viwanja wananunua bomba, mamlaka inasimamia kitaalamu na kuunganisha. Ukigawa mita 2,000 kwa watu 64, kila mmoja ananunua mita 31. Inasikika vizuri. Sasa fungua kundi lenu uhesabu wanaojibu ujumbe ukiwa na neno "mchango". Kwetu ni ishirini, nikiwa mkarimu. Mita 2,000 kwa watu ishirini ni mita mia moja kila mmoja, na bado hujachimba mtaro, hujanunua koki, hujalipia pale bomba linapokatisha barabara. Kukatisha barabara kuna kibali chake: ya mtaa ni TARURA, kuu ni TANROADS.

Halafu linakuja swali ambalo fundi bomba atalimaliza kwa sekunde moja kwa kusema "inchi mbili inatosha". Msimwamini haraka. Fanyeni hesabu hii.

Familia ya watu sita inayotumia lita mia kwa kila mtu inahitaji lita 600 kwa siku. Nyumba zote 64 zikihamiwa, ni lita 38,400 kwa siku. Asubuhi, wakati kila mtu anaoga kabla ya kuwahi daladala, mtiririko unaweza kupanda mara mbili na nusu ya wastani. Kwa mtiririko huo, bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, ndilo tunaloliita inchi mbili, linakula takribani mita 16 za msukumo katika hizo kilomita mbili. Kila mita kumi za kimo ni bar moja, kwa hiyo bar moja na nusu na ushee imeishia njiani. Bomba la milimita 100, yaani inchi nne, kwa maji hayohayo linakula kama nusu mita tu. Kipenyo ni mara mbili, tofauti ni karibu mara thelathini.

Mtaa wa jirani ukijiunga mkafika nyumba 200, inchi mbili itadai zaidi ya mita 130 za msukumo, kitu ambacho hamtakipata. Inchi nne itadai mita tano. Ndiyo maana kuna mitaa Dar es Salaam ina bomba, ina mita, ina bili, na maji yanakuja saa nane za usiku yakitembea kama jasho. Mtandao ulijengwa kwa nyumba kumi na ukabebeshwa mia.

Basi tuchukue inchi nne tumalize? Hapa ndipo kuna mtego ambao sikuujua hadi nilipochukua kalamu. Kilomita mbili za inchi nne zinameza lita 15,700 hivi. Leo nyumba zinazokaliwa ni tatu, zinatumia lita 1,800 kwa siku. Maji yanayoingia kwenye kona ya barabara yatamfikia yule mama baada ya karibu siku tisa, yamelala kwenye bomba lililofukiwa kwenye ardhi yenye joto la pwani. Dawa ya klorini iliyowekwa mtamboni itakuwa imeisha nguvu. Kwenye inchi mbili yangechukua siku mbili na kidogo.

Kwa maneno mengine, bomba linalofaa nyumba tatu halifai nyumba 64, na la nyumba 64 linachachusha maji ya nyumba tatu. Dawa yake ipo: mwisho wa bomba pawe na koki ya kusafishia, ifunguliwe kila wiki hadi maji yaliyolala yatoke. Lakini maji hayo yanayomwagwa lazima yapite kwa mtu kwenye bili. Na hilo linatuleta kwenye mita za kusomea maji.

Kuna makundi yanayofungiwa mita moja kubwa pale bomba linapoanzia, kisha wao wenyewe wanagawana bili. Kaa mbali nayo kama unaweza. Bomba likipasuka katikati ya mikorosho usiku wa Ijumaa, maji yote yanayopotea hadi Jumatatu ni yenu. Mkulima wa mchicha akitoboa, ni yenu. Asiyelipa, mnamlipia au mnakatiwa wote. Rafiki yangu mmoja alikuwa mweka hazina wa mpango kama huo na leo hasalimiani na majirani watano. Ombeni kila nyumba iwe na mita yake na akaunti yake, na bomba likabidhiwe kwa mamlaka kwa maandishi siku linapofunguliwa, ili likipasuka muwe watoa taarifa tu.

Jambo jingine la kuandika kabla ya kununua hata kiungio kimoja ni hatima ya wale 44 wasiochanga. Watakuja. Miaka mitatu ikipita mmoja atauza, mnunuzi mpya atakwenda ofisini na fomu yake, naye ataunganishwa kwa utaratibu wa kawaida kwenye bomba ulilonunua wewe. Ulizeni mapema, na jibu liwe kwenye karatasi: je, anayejiunga baadaye ana chochote cha kurudisha kwa waliotangulia? Kama jibu ni hapana, changeni mkijua hivyo, kwa moyo mweupe. Ugomvi mwingi niliousikia ulitokana na watu waliodhani jibu ni ndiyo.

Na msifukie bomba juujuu ili kuokoa siku mbili za vibarua. Greda la barabara likipita mara moja baada ya masika linalichomoa kama muhogo.

Kuchimba

Kisima kirefu kina sifa moja ambayo bomba halina: hakimsubiri mtu. Wiki mbili, mtambo umekuja, umetoboa, umeondoka. Na tusisahau mwaka 2022 ukame ulipopunguza maji ya mto Ruvu, jiji likaingia kwenye mgao. Mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu, yenye uwezo wa lita milioni 270 na milioni 196 kwa siku, yote inakunywa mto huohuo, ndiyo maana bwawa la Kidunda linajengwa kule Morogoro. Wenye visima mwaka ule waliuza maji kwa majirani wenye mabomba.

Sasa upande wa pili. Uchimbaji unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mchimbaji awe na leseni. Wengi wanaruka hatua hii. Wakiruka, wanaruka pia upimaji, na upimaji ndio unaokuambia kama chini kuna maji baridi au chumvi. Ndugu yangu mmoja alijenga Kigamboni, si mbali na bahari. Mchimbaji alisukuma maji kwa saa moja, yakatoka meupe matamu, akalipwa akaondoka. Mwezi wa tatu sabuni ilianza kugoma kutoa povu. Mwezi wa tano sufuria zikawa na ukoko mweupe. Kwa maji hayohayo alikuwa amemwagilia zege la mkanda wa juu, na chumvi kwenye zege hula nondo. Jaribio la saa moja halisemi kitu. Kisima kisukumwe mfululizo, ikiwezekana usiku na mchana, na maji yapelekwe maabara mwanzo na mwisho wa zoezi.

Kwetu Chanika bahari iko mbali, kwa hiyo chumvi hainitishi sana. Kinachonitisha ni choo. Ushauri wa kawaida ni kisima kikae walau mita 30 kutoka kwenye choo cha shimo. Viwanja vyetu vingi ni 20 kwa 20. Chukua kamba, pima kutoka kona hadi kona ya kiwanja kama hicho: ni mita 28. Yaani hata ukiweka choo kwenye kona moja na kisima kwenye kona ya pili, bado umekosa, na hapo hujahesabu vyoo vya majirani wanne wanaokuzunguka. Leo ukichimba, choo cha karibu kiko mita mia mbili. Mtaa ukijaa, kisima chako kitakuwa katikati ya mashimo. Kisima kirefu kilichozibwa vizuri sehemu ya juu kina afadhali. Kisima kifupi cha pete za zege, cha mita kumi, hakina. Kipindupindu cha 2015 kilianzia hapahapa Dar es Salaam, na wengi wetu tunakumbuka jinsi kilivyosambaa.

Kwa hiyo "kila mtu achimbe chake" ni wazo ninalolipinga waziwazi. Kisima kimoja cha pamoja kwenye eneo la wazi la ramani, chenye mnara wa tanki na mabomba madogo kuelekea nyumbani, hilo ninaliunga mkono. Eneo la wazi lina nafasi ya kuheshimu zile mita 30. Gharama kubwa inakuwa moja. Kibali kinakuwa kimoja. Na pampu inakuwa moja, jambo muhimu, maana pampu inataka umeme. Kama TANESCO nao hawajafika, ongeza paneli za sola kwenye hesabu kabla hujashangilia.

Boza, na mvua

Boza halihitaji maelezo mengi, wote tumejengea. Ila watu wanalilinganisha vibaya na bomba kwa sababu vipimo havifanani. Weka kila kitu kwenye uniti, ambayo ni lita 1,000. Boza la lita 10,000 ni uniti kumi, kwa hiyo gawanya bei yake kwa kumi. Madumu ya lita 20 hamsini ndiyo yanafanya uniti moja: dumu la shilingi 100 ni shilingi 5,000 kwa uniti, na la shilingi 200 ni shilingi 10,000. Kisha chukua bili ya ndugu yako mwenye bomba, soma bei ya uniti, na ukae kitako kwanza. Familia yetu ya lita 600 kwa siku inatumia uniti 18 kwa mwezi.

Muulize dereva wa boza anajaza wapi. Akisita, umepata jibu. Na ukumbuke masika, Machi hadi Mei, barabara zetu zinakuwa tope jekundu na boza haliji kwa bei yoyote. Ajabu ni kwamba ni miezi hiyohiyo maji yanamwagika bure juu ya bati. Dar es Salaam hupata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka au zaidi kidogo. Bati la mita 100 za mraba, ukiacha yanayopotea, linakupa uniti 80 hivi. Mwaka mzima familia ile inahitaji 216. Zaidi ya theluthi inatoka angani, ukiwa na mfereji wa bati na pa kuyaweka. Sijui kwa nini tunajenga nyumba ya vyumba vinne kisha tunabania simtanki la pili.

Nimeangukia wapi

Kama bomba lingekuwa mita 400, nyumba zinazokaliwa zikawa ishirini na kuendelea, ningesema changishaneni kesho, inchi nne, kila mtu na mita yake. Ukiwa unajenga na hutahamia kabla ya miaka mitatu, boza na bati la mvua vinakutosha. Usifukie fedha ardhini kwa ajili ya nyumba isiyo na milango. Aliyeko karibu na bahari asichimbe bila upimaji, hata kama jirani yake ana maji matamu.

Sisi wa kilomita mbili na nyumba tatu, pendekezo langu kwenye kundi lilikuwa kisima cha pamoja sasa, barua yenye takwimu sasa, na mchango wa bomba usubiri hadi zikaliwe nyumba ishirini. Mabomba madogo ya kisima yalazwe upande mmoja wa barabara, upande wa pili ubaki mtupu, mita moja na nusu kutoka kwenye bikoni, kwa ajili ya bomba la baadaye. Mjumbe mmoja alipinga kwa herufi kubwa tupu. Wawili walijitoa kundini, mmoja akarudi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda tisa na kamba na vigingi, tukaupima ule upande mtupu kuanzia eneo la wazi hadi barabarani. Tumekuta tayari kuna msingi wa fremu za duka umeingia kwenye hifadhi kwa hatua mbili. Mwenyekiti wa mtaa ameahidi kuongea na mwenyewe kabla hajapandisha tofali. Daftari la michango tumemkabidhi yule mama wa madumu matatu. Alisema atalishika, ila kikao kijacho kifanyikie kwake, na kila mtu aje na maji yake ya kunywa.